Jibu: Valvu za injini nyingine kwenye hedi ya zamani

Habari ndugu. Umesema valvu mbili za ekzosti (za kutolea moshi) zimeungua, vipuri vya injini yako havitengenezwi tena, na unauliza kama za injini nyingine zitaingia. Zinaweza, ila usifuate jina la gari wala ujazo wa injini. Fuata vipimo.

Anza na kipenyo cha shina la valvu, kwa mikromita, pale ambapo halijalika. Shina jipya likiwa nene kidogo, gaidi (bushi ambayo shina hupita ndani yake) inaweza kupanuliwa. Likiwa jembamba, weka gaidi nyingine. Kisha pima urefu wote, kipenyo cha kichwa na pembe ya siti, yaani pale kichwa cha valvu kinapokalia kwenye hedi (nyingi ni digrii 45, ila zipo za 30).

Halafu mfereji wa kota, yaani vile vipande vinavyoshikilia springi juu ya shina, na hapa nakusihi uwe makini. Mimi nilipata valvu zenye urefu uleule na shina lilelile, nikafunga. Kumbe mfereji ulikuwa chini zaidi kwa milimita 2. Springi ikakaa imebanwa mno, kamu ilipoinua valvu koili zikagusana, na pushrodi mbili (fimbo zinazosukuma valvu) zikapinda. Siku hizi napima kimo cha springi ikiwa imefungwa kabla ya kuendelea na kitu kingine chochote.

Usiweke valvu ya inteki (ya kuingizia hewa) upande wa ekzosti hata ikilingana. Haikuundwa kwa joto lile.

Katalogi za watengenezaji wa valvu huorodhesha vipimo, kwa hiyo tafuta kwa namba zako. Ukishafunga, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikikwama popote, usiguse stata, fungua tena.