Orodha ya mitaa hatari ilinipangishia nyumba isiyokuwa na jirani

Nilipopata uhamisho wa kuja kufundisha Mtwara mwaka 2018, ndugu zangu wa Morogoro walinipa pole badala ya kunipa hongera. Shangazi aliniuliza, "Mtwara ile ya vurugu za gesi?" Vurugu anazozisema zilikuwa za Januari na Mei 2013, wananchi walipopinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Miaka mitano ilikuwa imeshapita na bomba lenyewe limeshazinduliwa, lakini machoni pa shangazi mji ulikuwa bado unafuka moshi. Mdogo wangu naye alichanganya mambo, akaniletea habari za mashambulizi ya Cabo Delgado, yaliyoanza Oktoba 2017, ambayo ni Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma.

Kwa hiyo nilishuka kwenye basi nikiwa na hofu tayari. Mwalimu mwenzangu, kwa nia njema kabisa, akanirushia ujumbe wa WhatsApp: orodha ya mitaa saba ya kuogopa Mtwara mjini, imepangwa kuanzia ule mbaya zaidi. Haikuwa na jina la mwandishi wala tarehe. Sikujiuliza chochote. Niliishika kama cheti cha dawa.

Dalali alinionyesha nyumba nne. Tatu nilizikataa kabla hata ya kuingia ndani, kwa sababu mitaa yake ilikuwa kwenye orodha. Ya nne ilikuwa upande wa baharini, eneo tulivu, kuta ndefu, mageti ya chuma. Kodi yake ilikuwa karibu mara mbili ya zile tatu, na mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Nilikopa nikalipa.

Mwezi wangu wa tatu pale nikaibiwa. Niliamka alfajiri kuswali nikakuta wavu wa dirisha la sebuleni umekatwa pembetatu, safi kabisa, kama umekatwa na fundi cherehani. Nje, ukutani, wameegemeza mwanzi mrefu uliofungwa waya uliopindwa mfano wa ndoana. Walivua. Mkoba uliokuwa juu ya kochi, simu iliyokuwa kwenye chaji na kompyuta ya mkononi, vyote vilipita katikati ya nondo vikielea kwenye kile kijiti huku mimi na mwanangu tumelala chumba cha pili. Mkoba niliukuta umetupwa nyuma ya nyumba, vitambulisho vimo, hela hazimo. Mbwa wa jirani alibweka usiku ule, nilimsikia nusu usingizini. Hakuna aliyetoka. Kwenye mtaa ule kila mtu ana ukuta wake, na mimi nilikuwa sijui hata jina la aliyekuwa anakaa nyumba ya pili.

Hili nalo naomba ulizingatie. Wizi huo niliuripoti kituoni nikapewa namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa polisi, kwa sababu kompyuta haikuwa yangu, ilikuwa ya kazini, na mwajiri alihitaji hiyo namba. Wiki sita baadaye wakaniibia tena, safari hii mtungi wa gesi na ndoo mbili za nguo zilizoanikwa. Sikwenda kituoni. Niliona nitapoteza siku ya kazi na nauli ya bodaboda kwa mtungi ambao sina hata risiti yake. Kwa hiyo kwenye daftari la serikali mimi niliibiwa mara moja, na ukweli ni mara mbili. Mama aliyekuwa akinifulia aliniambia mwenyewe kwamba kwake wamevunja mlango mara tatu na hajawahi kuripoti hata siku moja. Sasa chukua daftari hilo, umpe mtu apange mitaa kwa hatari. Mtaa wa watumishi wenye kompyuta za ofisi na bima za magari utaonekana una wizi mwingi. Mtaa wa wanaoibiwa kuku na sufuria utaonekana una amani.

Na hapo nazungumzia daftari lililopo. Orodha niliyotumiwa mimi haikuwa na daftari lolote nyuma yake. Taarifa za uhalifu ambazo Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu huzitoa kwa umma hupangwa kwa mikoa ya kipolisi, hazishuki mpaka mtaa mmoja mmoja. Ukiletewa orodha iliyopanga mitaa ya Mtwara au Lindi kwa namba, uliza kwanza: namba hizi zimetoka wapi? Mara nyingi zimetoka mdomoni mwa mtu aliyekabwa mara moja, au aliyesimuliwa.

Hata orodha kubwa za dunia zina matatizo yayo hayo. Ile ya Numbeo, inayonukuliwa sana mitandaoni, hutokana na watu kuingia kwenye tovuti na kujaza wanavyojisikia kuhusu mji: unaogopa kutembea usiku, kiasi gani. Inapima hofu, na hofu ya shangazi yangu ingehesabiwa sawa na ya mtu anayelala Mtwara. Ipo nyingine inayotolewa na shirika la Mexico, ya miji 50 duniani yenye mauaji mengi, inayohesabu mauaji kwa kila wakazi 100,000. Angalau hiyo inahesabu kitu halisi. Lakini inachukua miji ya kuanzia watu 300,000 tu. Manispaa ya Mtwara Mikindani ilikuwa na watu 108,299 kwenye sensa ya 2012, kwa hiyo haiwezi kuingia humo iwe salama au isiwe.

Mpaka wa eneo nao unadanganya. St. Louis, Marekani, huwekwa juu kabisa kwenye orodha za miji hatari kila mara. Mji huo ulijitenga na kaunti yake mwaka 1876, na mpaka haukusogea tena. Kwa sensa ya 2020 ndani ya mpaka huo wamo watu kama 301,000, wakati eneo zima la jiji pamoja na vitongoji vyake lina watu kiasi cha milioni 2.8. Matukio ya katikati ya jiji, ambako watu wa vitongoji huja kufanya kazi na kustarehe, yanagawanywa kwa wachache wanaolala pale. FBI yenyewe, idara ya upelelezi ya Marekani inayokusanya takwimu za uhalifu, huwaonya watu wasizitumie kupanga miji kwa nafasi, na mwaka 2007 chama cha wataalamu wa uhalifu cha Marekani kilitoa tamko la kuzipinga orodha za namna hiyo.

Jambo hilo lipo hapa hapa kwetu. Fikiria maeneo ya Soko Kuu au ya stendi. Wanaolala pale ni wachache, wanaopita kwa siku ni maelfu, wengine wana fedha za korosho mfukoni. Simu kumi zikichomolewa kwa abiria, sifa mbaya anaibeba mkazi ambaye hakuiba wala hakuibiwa. Na mtaa mdogo una hila nyingine: mwaka huu matukio mawili, mwakani matatu, mtu anaandika kwamba uhalifu umeongezeka kwa asilimia 50. Hajadanganya hesabu. Amekudanganya wewe.

Kodi yangu ya miezi sita ilipoisha nilihama, na hela niliyobaki nayo ilinipeleka kwenye mtaa wa pili katika ile orodha. Sitautaja hapa, kwa sababu nikiutaja nitakuwa naendeleza kilekile ninachokilalamikia. Siku ya kwanza nimebeba godoro, kijana mmoja alikuja kunipokea nikamkatalia, nikidhani ataondoka nalo. Alikuwa mjukuu wa mwenye nyumba.

Pale mtaani nyumba zinatazamana. Kuna baraza la kahawa ambalo wazee hawaondoki mpaka saa 4 usiku, na jirani yake mama mmoja anauza ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, ya kuchemsha na pilipili ya kusaga. Wiki ya kwanza mama huyo alinisimamisha: "Mwalimu, jana umepita saa 3 na mtoto, hukusalimia. Ulikuwa na mawazo?" Niliona ananichunguza. Baadaye nikaelewa kwamba nimepata mlinzi asiyelipwa. Mtungi wangu wa gesi ulipotea pale pia, sitaki kudanganya kwamba ni peponi. Tofauti ni kwamba saa 2 asubuhi nilimwambia mwenyekiti wa mtaa, na kabla ya adhuhuri ulikuwa umerudi, kwa sababu kuna mtu alimwona fulani akipita nao alfajiri na fulani huyo ana mama yake anayejulikana.

Hatari ilikuwepo, lakini ilikuwa na anwani. Nyuma ya mtaa kuna pagale, nyumba iliyoishia kwenye lenta, nyasi zimeota mpaka madirishani, na njia ya mkato inapita ubavuni mwake kwenda barabara ya lami. Taa ya nguzo ya pale haiwaki. Kila aliyenisimulia kwamba amekabwa, nikimwuliza wapi, ananionyesha kidole upande huohuo. Ni njia ya hatua kama themanini. Watafiti waliochunguza Minneapolis, Marekani, wakachapisha mwaka 1989, walikuta kama asilimia 3 tu ya anwani za mji ndizo zilizokuwa zikitoa nusu ya simu zote za kuita polisi. Niliposoma hilo nililikumbuka pagale letu. Mtaa mzima ulikuwa umepewa jina baya kwa sababu ya pagale moja lililotelekezwa.

Kwa hiyo sasa nikiulizwa, ushauri wangu ni huu. Kabla hujalipa kodi, nenda mwenyewe mara tatu: asubuhi, jioni na saa 3 usiku, na ile ya usiku usiende peke yako. Tembea kwa miguu kutoka unaposhukia mpaka mlangoni, njia utakayoipita kila siku, maana hiyo ndiyo utakayoishi nayo, si mtaa mzima. Angalia taa za nguzo, mapagale na vichochoro. Angalia madirisha: nondo za zamani zilizopigwa rangi ni kawaida ya mji, lakini ukiona nyumba tatu mfululizo zimechomelea nondo mpya, uliza kilichotokea.

Usimwulize dalali. Waulize wanawake wanaorudi usiku: wauguzi wa zamu, wauza chakula, wanaochota maji bombani kabla ya alfajiri. Wanaume wengi watakuambia hakuna shida, kwa sababu kweli kwao hakuna shida. Mtu wa bodaboda naye ana taarifa nzuri. Mwulize bei ya kufika pale mchana, kisha bei ya saa 5 usiku. Ikipanda kidogo ni usiku tu. Akikataa kabisa, mwulize ni kona gani hasa anayoikataa, maana atakutajia kona. Kisha pita kwa mtendaji au mwenyekiti wa mtaa, jitambulishe, uulize kama ulinzi shirikishi upo na unafanya kazi miezi gani. Kwetu msimu una uzito. Fedha za korosho zikianza kuingia kuanzia Oktoba, vilabu vya pombe vinakesha, watu wanatembea na fedha taslimu, na mtaa uliouona umetulia mwezi wa Aprili si huohuo mwezi wa Novemba.

Najua wapo watakaosema orodha husaidia kwa kuwa mgeni lazima aanzie mahali. Nakubali mgeni anahitaji pa kuanzia. Lakini orodha ina watu ndani yake. Mwanafunzi wangu wa zamani, kijana mwaminifu aliyekuwa akishika funguo za maktaba yetu, alikwenda kuomba kazi ya kuuza duka. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka alipoulizwa anakaa wapi. Akataja mtaa. Mwenye duka akasema atampigia, na hakupiga. Kijana aliporudi kunisimulia aliniuliza kama ni dhambi kutaja mtaa wa shangazi yake siku nyingine. Nilishindwa kumjibu na mpaka leo linaniuma. Hapohapo ukumbuke sauti ya "mwizi!" ikipigwa usiku, ni kijana wa mtaa gani anayeanza kukimbizwa kabla hajaulizwa.

Mwezi uliopita amekuja mwalimu mpya wa kike kutoka Singida. Ameshatumiwa orodha, si ileile, hii ina mitaa kumi, na wa kwetu umepanda mpaka nafasi ya kwanza. Sikubishana naye. Nilimwambia aje saa 1 usiku, tukashuka pale anaposhukia mtu wa daladala, tukatembea mpaka kwangu kwa njia ya mbele. Nilimwonyesha pagale kwa mbali na kumwambia njia ile usipite, hata mchana ukiwa peke yako. Tukasimama kwa mama wa ming'oko. Mgeni akanunua ya shilingi 500, akauliza kwa aibu kama mtaani ni salama.

"Unakaa na nani, mwanangu?" mama akamwuliza.

"Peke yangu."

"Basi unapokuja, pitia hapa nikuone. Nafunga saa 4."

Amepanga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Jumamosi iliyopita tumekwenda pamoja na wazee wawili kwa mwenyekiti kuulizia ile taa ya nguzo, na mwenye pagale ametafutwa. Anaishi Dar es Salaam na ameahidi kukata nyasi kabla ya msimu wa korosho.