Mtindi na kifafa cha mimba

Dada uliyeuliza iwapo mtindi wa kila siku utamkinga mdogo wako mjamzito na kifafa cha mimba (presha ya ujauzito inayoweza kuleta degedege): la, ushahidi haujafika huko. Ni kweli kwamba watafiti wamekuta bakteria wa utumbo wa wajawazito wenye tatizo hili wakitofautiana na wa wengine, hasa kwa kupungua wale wanaochachusha nyuzinyuzi za chakula na kutengeneza asidi kama butireti, na panya waliopandikizwa kinyesi cha wagonjwa hao walipandwa na presha. Hata hivyo, panya si mjamzito wa Mbagala. Maharage, mchicha na dona vinamfaa, na mtindi wa maziwa yaliyochemshwa sina ugomvi nao. Cha kushikilia ni kliniki: presha ikisoma 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, hata kama kijiti cha mkojo hakikuonyesha protini, asingoje. Akiwa katika hatari kubwa, daktari anaweza kumwanzishia aspirini ya dozi ndogo mapema, kabla ya wiki hiyo ya 20. Kichwa kikimuuma sana au akiona vimulimuli machoni, mpelekeni hospitali usiku huohuo, hata kwa bajaji.