Kidoa kilekile angani

Nilirudi kutoka Amboseli na picha za tembo zaidi ya mia tatu, na karibu kila moja ilikuwa na kidoa cha kijivu angani, juu kulia. Nikafuta lenzi, nikafuta tena, wapi! Vumbi lilikuwa ndani ya kamera, kwenye sensa, kile kibao kinachopokea mwanga na kuunda picha. Nilibadilisha lenzi ndani ya gari la wazi, wakati wa kiangazi, huku magari mengine yakitutimulia vumbi. Ya kujitakia hayo.

Usiku ule nikachovya kijiti cha pamba cha masikio kwenye spiriti, nikasugua. Kidoa kimoja kikageuka utando wenye nyuzinyuzi. Fundi niliyempelekea hakunicheka, ila bei aliyonitajia ilinitosha. Alinionyesha anavyofanya, na ndivyo ninavyofanya hadi leo.

Kwanza tafuta vumbi liko wapi. Weka f/22, yaani tundu la lenzi liwe dogo sana, na ISO 100, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga uwe mdogo, lenga ukuta mweupe, vuruga fokasi makusudi, piga. Mkono ukitikisika si neno. Ukuta utafifia, vumbi litabaki palepale. Kwenye f/2.8, tundu likiwa pana, kidoa hakionekani, ndiyo maana wapiga picha wengi wa harusi hutembea na sensa chafu miaka bila kujua. Halafu kumbuka kwamba lenzi hupindua picha: kidoa cha juu kulia kipo chini kulia ukiitazama sensa kwa mbele. Mimi nilikuwa napuliza kona isiyohusika.

Zima feni. Hakikisha betri imejaa, kwa sababu kwenye DSLR, kamera yenye kioo cha kuakisi mbele ya sensa, ni umeme unaoshikilia kioo hicho kikiwa kimeinuliwa na shata, kile kipazia cha sensa, ikiwa wazi. Chaji ikikata, vitakufungia kazini. Puliza kipulizio cha mpira hewani mara mbili kitoe vumbi lake chenyewe, kisha elekeza mdomo wa kamera, pale lenzi inapokaa, chini na upulize mara kumi hivi, ncha isiingie ndani. Usipulize kwa mdomo, mate yataruka. Hewa ya kopo nayo uiache kabisa, hutema gesi ya majimaji inayoacha madoa. Piga tena ule ukuta. Kwangu kazi huishia hapo mara nyingi.

Kidoa kikigoma, nunua vijiti maalumu vinavyolingana na sensa yako: milimita 24 kwa sensa kubwa ya fremu kamili, 16 kwa ile ndogo ya APS-C. Dondoshea matone mawili ya dawa yake, pitisha mara moja kwenda, geuza upande, mara moja kurudi, tupa. Najua vina bei, na kijiti kitaonekana bado kisafi. Tupa tu! Punje moja ya mchanga iliyonasa humo itakwaruza kioo chembamba kinachoifunika sensa.

Hivi sasa kamera yangu ina kidoa kimoja, pembeni kabisa, kinachojitokeza kuanzia f/16. Nimekipuliza mara mbili, hakitoki. Nimekiacha.