Kabla hujawasha grinda: kwa anayeanza kutengeneza sakafu ya gari la zamani

Kijana mmoja wa Nkuhungu alinipigia simu juzi, furaha tupu. Kapata Volkswagen kobe kwa bei ya kutupa, injini inaitika. "Sakafu tu ndiyo ina vitobo viwili vitatu, kaka. Jumamosi napiga viraka, Jumapili naenda nalo kanisani." Nikamwambia Jumamosi aiache kwanza, achukue bisibisi na nyundo. Mimi mwenyewe nilianza na vitobo viwili vitatu. Nilipomaliza kukata, nusu ya sakafu ya upande wa kulia ilikuwa imelala uani kama maganda ya muhogo.

Wengi tunadanganywa na ukavu wa Dodoma. Mvua yetu ni ya Desemba mpaka Aprili hivi, basi, kutu itoke wapi? Ila magari mengi ya zamani yaliyoko hapa yalikula chumvi ya bahari Tanga au Dar es Salaam kwa miaka, ndipo yakapanda huku na wenyewe. Halafu kuna vumbi letu jekundu. Linaingia chini ya kapeti na kujaa kwenye kona. Mvua ya Januari ikipenya raba ya kioo cha mbele, vumbi lile linanyonya maji na kuyashika. Nje jua limekausha hadi matope ya barabarani, ndani chini ya kapeti kuna unyevu wiki nzima. Na kuna wale wanaoosha gari kwa kumwaga ndoo ndani. Sina la kuwaambia.

Kobe ana ugonjwa wake mwingine. Betri yake inakaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, juu ya sakafu yenyewe. Tindikali inayovuja miaka nenda rudi inakula bati pole pole. Ukinyanyua kiti ukaona kuku wa jirani wanapita chini, usishangae.

Basi anza kwa kuvua. Toa viti, toa kapeti, kisha bandua ile lami ya kuzuia kelele iliyogandishwa juu ya bati. Hapo chagua saa. Asubuhi ya Julai, baridi ikiwa bado imeshika, lami inapasuka kwa tindo vipande vipande kama kashata. Ukisubiri saa nane mchana inageuka ulimbo, utaichukia kazi kabla hujaianza. Ikishatoka, gonga kwa nyundo ndogo kila kiganja na usikilize: bati zima linalia, bovu linatoa sauti ya kiziwi. Palipo kiziwi sukuma bisibisi. Ikizama, zungushia chaki, halafu ongeza vidole viwili nje ya chaki, kwa sababu kutu hutangulia chini ya rangi kabla jicho halijaiona. Kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa pande zote mbili. Ukichomelea bati jipya kwenye bati lililokonda, moto utatoboa tu na utabaki unafukuza tundu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa bati. Nilikuwa na kipande cha bati la kuezekea, geji 28, nikaona si ndiyo bati hili hili. Kwanza ni jembamba mno kwa sakafu ya kukanyagwa. Pili limepakwa zinki, na zinki ikiungua inatoa moshi mweupe. Nilichomelea alasiri nzima nimefunga geti kuzuia vumbi. Usiku nikatetemeka, homa, viungo vinauma. Asubuhi nikaenda kupima malaria, hakuna. Ulikuwa ule moshi. Tafuta bati jeusi la chuma, milimita 0.9 mpaka 1.2, yaani geji 20 mpaka 18. Huna haja ya kununua shiti nzima. Mafundi wa mageti wana vipande vinavyobaki, ukiamkia vizuri utauziwa kwa kilo.

Kabla ya kukata, fikiria milango. Kwenye kobe, ile mifereji ya hewa ya moto chini ya milango ndiyo inayoshikilia bodi, na mara nyingi nayo imeoza. Ukikata sakafu wakati mifereji ni mibovu, gari linalegea katikati na mlango haufungi tena. Chomelea bomba la mraba kukingama uwazi wa mlango, pima nafasi kati ya mlango na bodi, iandike ukutani. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uhamie wa pili. Jeki isiwe peke yake, weka stendi au magogo.

Sasa moto. Hapa sitanii. Lile tuta la katikati ya sakafu limebeba ndani yake bomba la petroli linalotoka kwenye tangi la mbele kwenda kwenye injini nyuma. Sakafu yako inaungana na tuta hilo hilo. Vua tangi, toa petroli yote, puliza bomba mpaka lisiwe na harufu, toa betri, weka ndoo ya mchanga mkononi mwako, si kule jikoni.

Kiraka kikate kwanza kwa boksi. Kadibodi inakunjika, unaijaribu, unapunguza, ndipo unahamishia bati. Usiache bati likiwa tambarare, litapiga debe barabara nzima hadi Chamwino. Sakafu ya kiwandani ina migongo kwa sababu hiyo. Mimi nilichonga mfereji kwenye gogo gumu, nikalaza bati juu, nikalipiga kwa ubavu wa nondo. Sura si nzuri sana. Inakaza lakini.

Kuchomelea: kama una mashine ya waya na gesi ni bora, ila upepo wetu wa Agosti unapeperusha gesi na unabaki na mshono wenye vishimo. Jikinge kwa turubai. Mashine ya vijiti nayo inafaa, kijiti cha milimita 2, umeme mdogo, mkono mwepesi. La msingi ni kudonoa, yaani nukta moja moja, usiburuze mstari. Donoa hapa, hamia kona ya mbali, donoa, rudi, shika bati kwa kiganja. Kama linaunguza, kunywa chai. Mimi niliburuza mstari wa sentimita thelathini kwa raha zangu, bati likavimba kama chapati.

Panapofungwa kiti na mkanda, ongeza kipande cha milimita 3 kwa chini. Fundi mmoja alinishauri nipake faiba pale, ati hakuna atakayejua. Bati linaloshika kiti ndilo linaloshika mtu, na faiba si ya mahali hapo. Puti pia ipeleke kwenye milango.

Rangi ni kazi fupi: brashi ya waya, praima ya kuzuia kutu juu na chini, ziba mishono yote, kisha lami ya chini ya gari ikiwa praima imekauka kweli. Yale matundu yenye vizibo vya raba yaache, usiyazibe kwa bati.

Kapeti usiiguse bado. Nilikaa ndani na tochi, mpwa wangu akamwaga maji kwa mpira, kioo cha mbele kwanza, halafu milango, halafu kioo cha nyuma. Dakika ya nne hivi tone likachungulia kona ya kioo cha mbele upande wa dereva, likateleza nyuma ya dashibodi, likatua palepale nilipokuwa nimekata kutu wiki mbili kabla. Raba mpya nilitafuta kesho yake.