Serikali ina watu wengi mno?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nauza mihogo ya kukaanga Mbagala Rangi Tatu. Kila Jumapili nabishana na shemeji yangu, mwalimu wa msingi. Mimi nasema kodi zetu zinaishia kwenye mishahara ya watu wasio na kazi. Yeye anasema darasa lake lina watoto 112. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilikuwa mhasibu serikalini miaka 27, kwa hiyo jua unamuuliza mla pensheni.

Hasira yako ina sababu. Mwaka 2016 walifichuliwa watumishi hewa zaidi ya 10,000, na Aprili 2017 uhakiki ukawataja 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Mimi mwenyewe niliwahi kusaini orodha ya malipo yenye jina la mlinzi tuliyekwisha kumzika. Nilinyamaza miezi miwili. Inaniuma hadi leo.

Ila shemeji usimwonee. Kima cha chini serikalini kilipanda Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Gawa kwa siku 30: haifiki 17,000. Mihogo ikichangamka, unampita anayelipwa kima hicho!

Ugomvi wenu ungehamia kwenye fungu la “matumizi mengineyo”. Huko ndiko kuna posho za vikao, safari na mafuta ya mashangingi, wala hayahesabiwi kama mishahara. Tena muulize shemeji: wilayani kwao wanaoshika chaki ni wangapi, na wanaokuja kuwakagua ni wangapi? Akianza kucheka, mko upande mmoja.

Nikipita Rangi Tatu, niwekee ya pilipili nyingi.