Kihisi cha oksimita juu ya kipandikizi cha mfupa: mwanga unafika wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nipo mwaka wa nne, uhandisi wa vifaa tiba. Mradi wangu ni kufuatilia kwa mwanga kipandikizi cha mfupa kwenye muundi, ili mgonjwa asipigwe eksirei kila mara. Nimeanza na MAX30102, kihisi kidogo cha oksimita (kipimo cha mapigo na oksijeni ya damu kwa mwanga), nikajipima mwenyewe. Mapigo yanaonekana vizuri, lakini nikikiweka juu ya mfupa wa muundi au juu ya kigimbi, usomaji ni ule ule. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Kihisi chako ni kizima, ila hakioni mfupa. Taa zake mbili (nanomita 660 na 880) na jicho la kupokea vimebanana kwenye kipande chenye urefu wa mm 5.6. Mwanga ukiingia mwilini haunyooki. Hugongana na tishu kila upande, na ule unaorudi kwenye jicho huwa umepita njia iliyopinda kama ndizi. Kina cha upinde huo ni kati ya theluthi na nusu ya umbali kutoka taa hadi jicho. Kwa umbali wa milimita chache unasoma ngozi tu, na ngozi ya muundi na ya kigimbi hazipishani sana.

Tenganisha taa na jicho kwa mm 30. Weka na jicho la pili mm 8 hivi kutoka kwenye taa. Hilo litasoma zaidi ngozi, upate cha kutoa kwenye usomaji wa mbali. Taa ya 660 iache. Hapo hemoglobini (kibeba oksijeni cha damu) isiyo na oksijeni na melanini (rangi ya ngozi) hunyonya mwanga kwa nguvu, hasa kwa ngozi zetu nyeusi, na kwa mm 30 hakirudi kitu. Chukua 760 na 850. Chini ya nanomita 800 hivi, hemoglobini isiyo na oksijeni ndiyo inayonyonya zaidi. Juu ya hapo ni yenye oksijeni. Kwa kupima pande zote mbili unaweza kuzitenganisha.

Kila sentimita unayoongeza hupunguza mwanga karibu mara kumi, kwa hiyo jicho la mbali linahitaji kikuza mawimbi cha maana. Chipu ya OPT101 ina fotodayodi (jicho la kupokea mwanga) na kikuzaji pamoja, na inatosha kuanzia. Washa taa moja, izime, washa ya pili, kisha soma zote zikiwa zimezimwa, na toa usomaji huo wa giza. Taa za chumbani humeta mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa Hz 50, kwa hiyo chukua wastani wa milisekunde 20 kamili kila mara. Kati ya taa na jicho weka ukuta wa sponji jeusi unaogusa ngozi.

Usikimbilie mguu wa mtu. Chukua ml 50 za Intralipid (majimaji meupe ya mafuta yanayotumika hospitalini) ya asilimia 20, ongeza maji hadi lita moja, mimina kwenye chombo kipana na kirefu cha kutosha. Maziwa hayo hutawanya mwanga kwa kiasi kinachokaribia tishu. Gusisha kifaa juu, kisha dondosha wino mweusi uliozimuliwa, tone baada ya tone, ukikoroga. Usomaji wa mbali lazima ushuke kwa uwiano mkubwa kuliko wa karibu, kwa sababu mwanga wake umetembea zaidi ndani ya wino. Ikiwa yote mawili yanashuka sawasawa, mwanga unapenya chini ya sponji bila kuingia ndani. Wengi hukwama hapa bila kujua.

Baada ya hapo, mkono wa mtu mwenye afya: mkanda wa presha juu ya kiwiko, ujaze hadi upite presha yake ya juu kwa mmHg 50, dakika 3. Oksijeni ishuke taratibu, kisha ukiachia ipande ghafla kupita ilipoanzia. Jaribio hili usilifanye kamwe kwenye mguu uliopandikizwa, wala kwa mwenye selimundu au aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa.

Sasa mfupa wenyewe. Mwanga huu hauoni madini. Unaona damu, na hilo ndilo jambo zuri kwako. Kipandikizi kutoka kwa mtu mwingine huja bila chembe hai, mishipa lazima iingie kutoka kwenye nyama na utando unaozunguka mfupa. Eksirei husubiri mfupa mpya ushike madini, wakati mishipa hutangulia. Watafiti wa University of Rochester, Marekani, walifuatilia mtiririko wa damu kwa leza kwenye panya wadogo, wakipima fupa la paja lililopandikizwa. Lakini paja la panya ni jembamba mno. La mtu mzima lina nyama nene na mwanga haufiki. Umefanya vizuri kuchagua muundi, ambao upande wake wa ndani umefunikwa na ngozi tu.

LED zako zinakupa kiasi cha damu na oksijeni, si mwendo wa damu. Mwendo unataka leza tulivu, nyuzi nyembamba za mwanga na kihesabu cha fotoni (chembe za mwanga) mojamoja. Bei yake haiendani na mradi wa mwaka wa nne.

Linganisha mguu uliopandikizwa na mwenzake, sehemu ile ile, mgonjwa akiwa amelala dakika 10. Weka alama ya kalamu ya ngozi. Mkanda wa kufungia kifaa ukikaza, damu inakimbia kutoka kwenye ngozi nyembamba ya muundi na utadhani kipandikizi kimekosa damu. Tumia mkanda laini na uandike umefungwa tundu la ngapi. Bamba la chuma la kushikilia mfupa likiwa upande wa ndani wa muundi, mwanga unaishia hapo, na juu ya hogo usijaribu. Damu iliyovilia baada ya upasuaji nayo hunyonya mwanga kama damu inayotembea, hivyo wiki za mwanzo usomaji utakuwa mchafu.

Na damu ikizidi upande mmoja bila kushuka, usiandike kwamba mfupa unashika. Maambukizi nayo huleta damu nyingi. Mpigie daktari wa mifupa siku hiyo hiyo. Uamuzi wa eksirei bado ni wake.