Njugu mawe haziivi?

Dada uliyesema umechemsha njugu mawe za soko la Mtwara mchana kutwa na bado zinagonga meno: hizo ni kavu, hazipikwi bila kulowekwa. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya, funika, moto wa wastani. Chumvi ngoja mpaka zilainike. Magadi yanaharakisha, ila yanapunguza vitamini B1 na ladha inakuwa ya sabuni, mimi siweki.

Zikishaiva, kaanga kitunguu na nyanya, mimina humo, kisha tui la nazi. Kula na ugali wa muhogo. Hapo ndipo faida yake ilipo, maana muhogo hauna protini ya kutajika, na njugu kavu zina karibu asilimia 20, pamoja na chuma na nyuzi. Ukila na ugali wa mahindi pia zinajaliziana vizuri.

Kuhusu kuzisaga zitoe siagi kama karanga, usijisumbue. Karanga karibu nusu yake ni mafuta. Hizi mafuta yake ni kama asilimia 6 au 7 tu, sehemu kubwa ni wanga. Unga wake ufanyie uji au bagia.

Msimu wa mavuno tafuta mbichi zenye maganda, uchemshe na chumvi tu. Hizo hazihitaji kulowekwa, na kwangu ndizo tamu kuliko zote. Na kama una kashamba ka kichanga huko Lindi, panda: zinavumilia ukame kuliko maharage.